Daftari Halifutwi: Bibi, Korosho na Haskell

Wiki iliyopita nikiwa kwenye foleni ya wali maharage pale kantini, kijana mmoja wa mwaka wa kwanza aliniuliza, "Dada, samahani, wewe ndo yule wa Haskell?" Nikamwambia ndiyo. Akauliza kama ni kweli hiyo lugha haina lupu, haina kubadilisha vigeu, na haina ajira. Sahani yangu ikafika kabla sijamjibu. Na kwa kuwa yeye si wa kwanza kuuliza, nimeona nijibu humu, tusome wote.

Ila siwezi kujibu bila kuanza na aibu yangu mwenyewe.

Mimi nasoma ualimu, masomo yangu ya kufundishia ni Hisabati na TEHAMA. Kwetu ni kijiji kimoja njia ya kwenda Kilambo, kule kivuko kinakovusha watu Ruvuma kwenda Msumbiji. Nimelelewa na bibi mzaa mama pamoja na mjomba. Bibi ana mikorosho, na pesa ya korosho ndiyo inayonilipia hosteli, kwa sababu boom peke yake haifiki mbali, mnajua wenyewe. Mjomba ni karani wa chama cha msingi. Ukikua Mtwara huhitaji kufundishwa mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao ulianza huku kwetu msimu wa 2007/2008: mkulima anapeleka korosho chamani, zinapimwa, anapewa karatasi yake, mzigo unaenda ghala kuu, unauzwa mnadani, halafu makato yanaondolewa na kinachobaki kinaenda kwa mkulima. Kazi ya mjomba ni hizo karatasi na hizo hesabu.

Likizo ya mwaka wangu wa kwanza nilirudi nyumbani na laptopu ya mkono wa pili na Python niliyokuwa nimejifunza miezi minne. Nikamkuta mjomba barazani na daftari lake kubwa, anapiga hesabu kwa kalamu na kikokotoo. Nikamwambia, "Mjomba, hiyo kazi nakufanyia kwa dakika kumi." Akacheka, akasema, "Haya mama, fanya." Akanipa ukurasa mmoja wa majaribio wenye majina sita.

Namba nitakazotumia hapa nimezirahisisha. Tuseme bei ni shilingi 2,000 kwa kilo, na makato yote kwa jumla ni shilingi 150 kwa kilo. Programu yangu ilikuwa hivi:

bei = 2000
for m in wakulima:
    bei = bei - 150
    print(m.jina, m.kilo * bei)

Niliijaribu kwa mkulima mmoja, jibu likatoka sawasawa. Nikaingiza wote sita, nikaandika majibu kwenye karatasi safi, nikaanza kuwasomea kwa sauti ya mtu aliyesoma. Bibi alikuwa wa tano. Alikuwa na kilo 312.

"Bibi, wewe ni laki tatu na tisini elfu."

Bibi hajui kusoma. Alikuwa anachambua mboga, hata hakuinua kichwa. "Mke mwenzangu, kilo mia moja ni laki na themanini na tano. Mia tatu ni zaidi ya laki tano na nusu. Hiyo tisini yako imetoka wapi?"

Mjomba akafungua daftari. Kwake yeye Bibi alikuwa na 577,200. Mimi nilikuwa nimemkata 187,200, yaani hela ya hosteli yangu mwenyewe, mbele ya macho yake, na nilikuwa nimeisoma kwa kujiamini kabisa.

Mwenye jicho la programu ameshaliona kosa. Mkulima wa kwanza alikatwa 150, bei ikawa 1,850, sawa. Lakini ile bei haikurudi 2,000. Wa pili akaanzia 1,850, akabaki na 1,700. Wa tatu 1,550. Wa nne 1,400. Bibi, wa tano, 1,250. Kila aliyekuja alibeba makato ya waliomtangulia. Orodha ingekuwa ndefu, mkulima wa kumi na nne angeambiwa bei ya kilo ni hasi 100, yaani kaleta korosho zake na bado anadaiwa.

Mjomba hakunigombeza. Alinionyesha daftari. Kulikuwa na mahali amekosea, akapiga mstari mmoja juu ya namba, ile namba bado inasomeka, halafu chini yake kaandika mstari mpya na sahihi yake. "Daftari la chama halifutwi," alisema. "Ukifuta, kesho mtu akija kuuliza huna cha kumwonyesha. Wewe mashine yako imefuta bei."

Niliona kama ananifariji tu. Mwaka uliofuata, mwalimu mmoja hapa chuoni alitaja kwa kupitia tu kwamba kuna lugha ambazo ukishaipa namba jina, hilo jina halibadilishwi tena. Nikakumbuka daftari. Jioni hiyo hiyo nikaanza kuitafuta Haskell.

Kwanza, nini maana yake. Lugha za aina hii msingi wake ni fankisheni, ile ile f(x) ya Kidato cha Tatu. Unaingiza kitu, inatoa kitu, basi. Haigusi kitu kingine chochote pembeni. Nilipokuwa field nikifundisha mada hiyo, niliandika ubaoni f(x) = 2x + 1, tukaweka 3 ikatoka 7. Kesho yake kijana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, leo tukiweka 3 itatoa ngapi?" Darasa zima likacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu programu yangu ya korosho ingemjibu "inategemea nani katangulia." Fankisheni ya kweli inajibu 7 jana, 7 leo, 7 umeme ukikatika ukarudi.

Sisi wa huku tuna mfano mwingine. Pale Ruvuma inapomwagika baharini, mchanga unahama. Njia aliyopita mwenye mtumbwi mwezi jana leo inaweza kuwa fungu. Programu yenye vigeu vinavyobadilishwa kila mahali iko hivyo: mstari wa 10 ulikuwa salama, mstari wa 40 ukahamisha mchanga, na wewe unakuja mstari wa 90 unakwama, hujui nani kafanya. Ndo maana Kiswahili chenyewe kilishatuonya: kutoka kigeu mpaka kigeugeu ni hatua moja tu.

Hesabu ya Bibi kwa Haskell ni hii:

malipo bei makato kilo = kilo * (bei - makato)

map (malipo 2000 150) [210, 95, 140, 400, 312]

Neno map linasema: chukua hiyo fankisheni, mpitishie kila mmoja kwenye orodha. Inatoka orodha mpya: 388500, 175750, 259000, 740000, 577200. Orodha ya kilo ipo vile vile, bei ipo vile vile, kama daftari. Bibi awe wa tano au wa mia tano, jibu lake halitegemei aliyepimiwa kabla yake.

Halafu nikafanya utundu. Nikaandika kwenye Haskell bei = bei - 150 na kuiomba bei. Ikaganda. Nilidhani laptopu imekufa. Kumbe kwa Haskell alama ya = ni ile ya hesabu: unaiambia bei ni sawa na bei toa 150, na hakuna namba duniani iliyo sawa na yenyewe toa 150. Ilikuwa inatafuta jibu lisilokuwepo. Mwanafunzi wa Kidato cha Pili angekuambia hilo mara moja. Ni sisi tuliosoma programu ndio tuliozoea kuliona ni jambo la kawaida.

Sasa maswali ya kijana wa kantini, pamoja na ya wengine wanaonisimamisha njiani.

"Bila lupu unarudiaje kitu?" Mara nyingi map inatosha. Kama unataka kuchagua, kuna filter, ambayo ni ungo: wenye kilo zaidi ya 200 wanabaki, wengine wanapepetwa. Kama unataka kujumlisha orodha nzima iwe kitu kimoja, kuna foldr, ambayo ni kama kukunja mkeka mpaka ubaki mviringo mmoja. Na chini ya hayo yote kuna fankisheni inayojiita yenyewe:

jumla [] = 0
jumla (x:xs) = x + jumla xs

Usiiogope. Fikiria makarani wamekaa kwenye foleni, kila mmoja kapewa agizo moja: "Shika gunia la kwanza, yaliyobaki mpe mwenzako, ukisubiri jibu lake ujumlishe na lako." Wa mwisho anapokea patupu, anasema sifuri. Majibu yanarudi nyuma mpaka kwa wa kwanza. Kosa ambalo karibu kila mtu analifanya ni kusahau ule mstari wa patupu. Anza kuuandika huo kabla ya mwingine wowote.

"Kama hakuna kinachobadilika, unasomaje faili au kuandika kwenye skrini?" Swali zuri, na mimi lilinichukua wiki mbili. Haskell haikatazi, inatenganisha. Chukulia chama kina karani wa getini na karani wa ndani. Wa getini anapokea mzigo, anaongea na watu, anatoa karatasi. Wa ndani anapiga hesabu tu, haongei na mtu. Haskell inampa wa getini kitambulisho, kinaitwa IO, na hakuna namna ya kuongea na watu bila kitambulisho hicho. Ushauri wangu: mfanye wa getini awe mdogo kadiri unavyoweza. Hesabu zote ziwe ndani, kwa sababu huko ndiko unakoweza kuzipima bila wasiwasi.

"Mbona ujumbe wa makosa ni mrefu hivyo?" Ni mrefu kweli. Soma mistari ya mwanzo tu, tafuta namba ya mstari, angalia inasema ilitarajia aina gani na wewe umeleta aina gani. Kosa langu la kila siku lilikuwa kuchanganya namba nzima na namba yenye nukta, kwa mfano kilo 312.5 mara bei niliyoiandika kuwa namba nzima. Haskell haikubali mpaka useme wazi unabadilisha kipi kuwa kipi. Mwanzoni nilichukia. Sasa naona ni kama mjomba anavyokataa karatasi isiyo na sahihi.

Na kwa hesabu za pesa shika hili, hata kama hutaandika Haskell maisha yako yote: usihifadhi shilingi kwenye namba za nukta. Fungua Haskell au Python, andika 0.1 + 0.2, utapata 0.30000000000000004. Pesa weka namba nzima. Uzito ukiwa na nukta, ugeuze kuwa gramu.

Jingine nililojifunza kwa kuumia: nilipotosha mpangilio nikaandika malipo 150 2000 312, makato mahali pa bei. Jibu likawa hasi 577200. Haskell haikusema kitu, kwa sababu kwake zote zilikuwa namba tu. Dawa yake ni kuzipa aina tofauti kwa neno newtype, moja iitwe Bei, nyingine Makato, nyingine Kilo. Ukizichanganya, programu inakataa kabla haijaanza kukimbia. Ni mistari mitatu tu. Mimi sianzi tena hesabu ya pesa bila hiyo.

"Laptopu yangu ni ndogo na bando sina." Usianze kwa kupakua kila kitu. Kisakinishi cha GHCup ni kizuri, ila pamoja na vyote vinavyofuatana nacho vinaweza kukula gigabaiti kadhaa. Kwa mwezi wa kwanza tumia ukurasa wa play.haskell.org, unaandika hapo hapo kwenye kivinjari, hata kwa simu. Ukiona umependa, ndipo usakinishe, na mkiwa kundi pakueni mara moja mpeane kwa flashi. Mwenye Ubuntu anaweza kuipata kwa amri ya sudo apt install ghc, inatosha kabisa kwa kujifunzia. Kitabu cha Miran Lipovača kiitwacho Learn You a Haskell for Great Good! kinasomeka bure mtandaoni. Mimi nilikisoma kwa daftari la karatasi pembeni, nikitabiri jibu kwa kalamu kabla ya kubonyeza. Umeme ukikatika, unaendelea kutabiri.

"Lazima nijue hesabu ngumu?" Hapana. Utakutana na neno monadi na watu watakutisha nalo. Mimi niliandika programu ya korosho nzima kabla sijaweza kulieleza. Ukiielewa f(x), ukaelewa kwamba fankisheni moja inaweza kupokea nyingine, una mtaji wa kutosha. Hata Excel umekuwa ukiitumia hivi bila kujua: ukiandika =B2*(C2-D2), ile B2 haibadiliki, jibu linakaa kwenye kisanduku kingine. Simon Peyton Jones, mmoja wa walioijenga Haskell, alifanya kazi miaka mingi kwenye utafiti wa Microsoft, na Excel ilikuwa sehemu ya kazi yake.

"Na ajira?" Nitasema ukweli. Sijawahi kuona tangazo la kazi hapa Mtwara lililotaja Haskell. Lakini usidhani ni lugha za maabara tu. Magrupu yetu yote ya WhatsApp, yale ya kutumiana notsi na ya kugombania uongozi, yanapita kwenye seva zilizoandikwa kwa Erlang, lugha ya familia hii hii iliyoanzia kampuni ya simu ya Ericsson miaka ya 1980. Facebook ilipoinunua WhatsApp mwaka 2014, ilikuwa na watumiaji zaidi ya milioni 400 na wafanyakazi wasiofika 60. Na mwaka 2019 kampuni ya IOHK iliendesha darasa la Haskell jijini Addis Ababa kwa wasichana wa Ethiopia na Uganda. Hao ni majirani zetu, si watu wa mbali.

Hata hivyo sikushauri uiache Python. Nenda na desturi hii nyuma yake. Siku hizi nikiandika Python, siandiki tena bei = bei - 150. Naandika bei_halisi = bei - 150, jina jipya, mstari mpya. Naandika fankisheni ndogo zinazopokea kila zinachohitaji kwa mlango wa mbele. Mtihani wa programu muhula uliopita nilifaulu kwa hilo tu.

Na sisi wa ualimu tuna sababu ya ziada. Tunaenda kuwafundisha watoto kwamba x ni kitu kisichojulikana, halafu kipindi cha TEHAMA tunawaambia x = x + 1. Mtoto anayeuliza "inawezekanaje?" si mjinga. Mpe jibu linaloheshimu swali lake: hapo alama ile haina maana ya sawa, ina maana ya kufuta na kuandika upya, na zipo lugha zinazokataa kufuta.

Likizo iliyopita nilimpelekea mjomba programu mpya. Hakuitupa, hakuishangilia. Aliweka karatasi yangu upande wa kushoto na daftari lake upande wa kulia, akapita jina kwa jina na kalamu nyekundu, alama ya vema, alama ya vema. Ilichukua karibu saa nzima. Majina 63, yote sawa. Nilimwambia sasa daftari linaweza kupumzika. Akasema, "Hapana mama. Yatakaa mawili."

Bibi naye aliuliza, "Mashine imeshajifunza bei?" Nikamwambia imejifunza. Akataka nimsomee yake peke yake. Nikamsomea. Akanyamaza kidogo, midomo inacheza, anapiga hesabu zake, kisha akasema haya, nenda kaoge tule.

Kijana wa kantini, nipo maktaba kila Jumatano baada ya saa kumi, meza ya dirishani. Njoo na simu yako tu. Tutaanza na ile hesabu ya kilo 312.